Kumchagulia Mbwa Wako Daktari Kabla Hajaugua

Mtaani kwetu Kimara ukisema "niitieni daktari wa mbwa", anaweza kufika mmoja kati ya watu watatu, na wote wataitwa dokta. Wa kwanza ni daktari wa wanyama hasa, aliyesomea shahada ya tiba ya wanyama kwa miaka mitano, wengi wao pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro. Wa pili ni ofisa mifugo, tuliyezoea kumwita bwana mifugo au bibi mifugo, aliyepata astashahada au stashahada katika vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri. Wa tatu ni muuzaji wa duka la dawa za mifugo, aliyechoma sindano kuku na ng'ombe miaka mingi na mkono wake ni mwepesi. Kila mmoja ana kazi yake, na bwana mifugo mzuri ameokoa wanyama wengi kuliko tunavyokumbuka kumshukuru. Lakini hawajui mambo yaleyale, wala sheria haiwaruhusu kufanya mambo yaleyale. Mwenye mbwa anapaswa kujua ni nani amesimama mbele yake kabla sindano haijatoka kwenye mfuko.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu mwenye mbwa wa kawaida: mbwa wa ulinzi anayelala bandani mchana na kufunguliwa usiku, au mbwa wa watoto anayeshinda kibarazani. Nimekaa na mbwa tangu utotoni na nimewazika kadhaa. Wengine kati ya hao nawakumbuka kwa uchungu, kwa sababu kilichowaua ni mimi kuita mtu yeyote aliyepatikana siku ile.

Hatua ya kwanza: tafuta wiki ambayo mbwa ni mzima

Mbwa mgonjwa hakupi nafasi ya kuchagua. Unapiga kila namba uliyonayo, na atakayepokea ndiye daktari. Kazi hii ifanye wakati mbwa anakula vizuri, anabweka na anakimbiza paka wa jirani.

Waulize wenye mbwa, hasa wenye mbwa wazee. Mitaani kwetu mbwa wengi hawafiki mbali, kwa hiyo ukimwona mbwa wa miaka kumi na moja mwenye mvi kidevuni, jua nyumba ile ina mtu anayemtibu. Nenda ukabishe hodi. Usiulize kama daktari wao ni mzuri, maana kila mtu atajibu ni mzuri. Uliza alipokuja mara ya mwisho alianza na nini. Uliza kama alitaja jina la ugonjwa, na kama alipiga simu siku ya pili kujua hali ya mgonjwa. Walinzi wa mageti nao wanajua mengi, kwa sababu ndio wanaomshika mbwa wakati anachomwa. Mlinzi mmoja wa Mbezi aliniambia kuhusu daktari fulani: "Yule mbwa wetu akimwona anatikisa mkia." Kwangu sifa hiyo ilitosha kumpigia simu.

Pita pia ofisi ya mifugo ya kata au ya halmashauri. Wanawajua madaktari wanaofanya kazi eneo lako, na mara nyingi watakuambia pia siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hufanyika sana karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Halafu pima umbali kwa saa, usipime kwa kilomita. Kliniki nyingi za mbwa na paka Dar es Salaam ziko upande wa Masaki, Msasani na Mikocheni. Ukiwa Mbagala, jioni ya Ijumaa, mbwa aliyegongwa na bodaboda anaweza kukata roho mkiwa bado kwenye foleni. Usafiri wenyewe nao ni mtihani. Daladala hazipandishi mbwa, na madereva wengi wa bajaji hukataa wakimwona, wengine kwa hofu, wengine kwa sababu mate ya mbwa ni najisi kwao na chombo kile ndicho wanachoendea msikitini. Usibishane nao. Tafuta mapema dereva mmoja anayekubali, mtandikie turubai kwenye kiti, muongezee kidogo juu ya nauli, na namba yake uihifadhi pamoja na ya daktari. Kama usafiri wa uhakika huna, daktari anayekuja nyumbani atakufaa zaidi, hata kama hana jengo la vioo.

Hatua ya pili: uliza usajili, wala usione haya

Tanzania ina Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003, na chini yake kuna Baraza la Veterinari Tanzania. Daktari wa wanyama lazima awe amesajiliwa na baraza hilo. Maofisa mifugo nao wameandikishwa kwenye daftari lao, na vituo vya kutolea huduma navyo husajiliwa. Kwa wenzetu wa Kenya kazi hiyo hufanywa na Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya mwaka 2011.

Watu huona kuuliza usajili ni kumdharau mgeni. Mama yangu hakuwa na shida hiyo. Daktari wetu wa sasa, alipokuja mara ya kwanza, alikuwa kijana bado na begi begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Kabla hujamshika mbwa, samahani, umesajiliwa Baraza la Veterinari?"

"Nimesajiliwa mama." Akafungua begi, akatoa kitambulisho, akampa kwa mikono miwili.

Mama akaenda ndani kuchukua miwani, akakisoma mbele na nyuma, akamrudishia. Yule kijana alisubiri juani bila kununa. Daktari aliyesajiliwa haoni tabu kuulizwa swali hili, kwa sababu kusajiliwa kumemgharimu miaka. Atakayekujibu kwa ukali, au kukuambia "mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini, niulize kwa watu", mpe maji ya kunywa na umshukuru kwa kufika.

Kazi ya ofisa mifugo usiidharau hata kidogo. Chanjo ya kichaa kwenye kampeni ya kata, dawa ya minyoo, ushauri wa banda na kupe, hayo anayaweza vizuri. Lakini upasuaji, dawa ya usingizi, na ugonjwa usioeleweka, hapo dai daktari.

Hatua ya tatu: nenda kliniki bila mbwa, uombe kuona friji

Nenda siku ya kawaida, mchana. Jitambulishe, sema una mbwa na unatafuta daktari wa kudumu. Ukishakaribishwa, angalia sakafu kama imepigwa deki, angalia meza ya kupimia kama inafutwa kwa dawa kati ya mnyama na mnyama, angalia kama kuna mizani. Sikiliza jinsi wanavyozungumza na mbwa aliye mezani. Kisha uliza chanjo zinahifadhiwa wapi.

Swali la friji naliwekea mkazo kwa sababu lilinigharimu. Suzi, jike letu, alizaa watoto watano. Walipofikisha wiki tano nikaita mtu wa kuwachanja. Alikuja kwa bodaboda saa saba mchana, mwezi wa Februari, na chupa ya chanjo ikatoka kwenye mfuko wa shati lake. Niliishika. Ilikuwa ya moto kama yai lililotagwa sasa hivi. Niliona, nikanyamaza, nikalipa. Haikupita mwezi pavo, ugonjwa wa kirusi unaoua sana watoto wa mbwa, ikaingia nyumbani: kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nilizika wanne kwa siku sita. Kila siku ya hizo sita niliikumbuka ile chupa.

Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye ngozi ya mbwa. Ikipata joto hufa. Chanjo ya kichaa ikigandishwa kwenye friza huharibika vilevile. Na huwezi kuitambua kwa macho, kwa sababu chanjo iliyokufa ina rangi ileile ya nzima. Ndiyo maana friji ya chanjo inatakiwa iwe na kipimajoto ndani, isijazwe soda na mboga, na mwenye kliniki awe na jibu la haraka ukimuuliza umeme ukikatika huwa anafanyaje. Anayekuja nyumbani anatakiwa kubeba boksi lenye barafu. Akifungua boksi, mwombe uishike chupa: iwe baridi, uone tarehe ya kuisha muda wake. Chanjo ya mchanganyiko huja na unga kwenye chupa moja na maji yake kwenye chupa nyingine, na huchanganywa palepale mbele yako, dakika hiyohiyo ya kuchoma. Ikifika imeshachanganywa tangu asubuhi, ikatae.

Na nilikosea jambo la pili, ambalo daktari halisi angeniambia. Mtoto wa mbwa ana kinga aliyopewa na maziwa ya mama yake, na kinga hiyo huizima chanjo. Hakuna anayejua kwa mtoto fulani itaisha wiki ya ngapi, ndiyo sababu chanjo ya mchanganyiko huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki ya 16, kisha tena baada ya mwaka. Humo ndani mna kinga ya pavo, distempa na homa ya ini, na aina nyingi zina pia leptospira, ugonjwa uleule Watanzania tuliouita homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Ya kichaa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari, na kwetu wengi hurudia kila mwaka. Mtu anayekuambia "nimemchoma moja, amemaliza" kwa mtoto wa wiki tano, hajui kazi.

Ukiwa palepale kliniki, uliza mbwa mwenye pavo huwekwa wapi. Kirusi chake hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui, inatakiwa klorini. Kliniki yenye chumba chake cha wagonjwa wa kuambukiza, au hata kona ya nje yenye vyombo vyake, imefikiria. Mpaka mtoto wa mbwa wako amalize chanjo zake, mpakate, asikanyage sakafu ya kliniki yoyote.

Hatua ya nne: siku ya kwanza, angalia mikono yake

Ningeweza kuandika hatua hii peke yake nikaacha nyingine zote. Daktari mzuri hupima kabla ya kuchoma.

Jimi alikuwa dume la rangi ya udongo, mkubwa, mpole kwa watoto. Aliacha kula siku ya Jumatatu. Fizi zake zilikuwa nyeupe, na ndani ya masikio kupe walijipanga kama mbegu za mpapai. Aliyekuja hakuvuka hatua mbili kutoka getini. Aliuliza, "Ana umri gani?" Nikamwambia miaka minne. Akachukua chupa kubwa ya dawa ya ng'ombe, ile ya nagana, ugonjwa wa mbung'o, akavuta kwenye bomba kiasi alichokiona kinatosha, akamchoma Jimi pajani huku nimemshika shingo. Kesho yake Jimi hakuwa na nafuu, nikapiga simu, akaja akamchoma tena kiasi kilekile. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta anazunguka bandani upande mmoja, kichwa kimelala begani, na macho yanacheza huku na huku bila kukoma. Nilikaa naye chini mpaka saa tisa mchana.

Dawa ile, daiminazini, ni dawa halali na inaokoa mbwa wenye homa ya kupe. Lakini kwa mbwa huhesabiwa kwa kilo za mwili, kwa uangalifu mkubwa, na ikizidi au ikirudiwa harakaharaka huumiza ubongo. Hayo nilielezwa baadaye na daktari tuliye naye sasa. Jimi hakuwahi kupimwa uzito wala damu.

Sasa angalia tofauti. Daktari wetu akifika humtazama mbwa kwa mbali kwanza, anavyosimama na anavyotembea, kabla mbwa hajaanza kumwogopa. Anauliza: anakula? anakunywa maji mengi kuliko kawaida? mkojo una rangi gani? kinyesi? ameokota nini barabarani? mara ya mwisho kuogeshwa dawa ya kupe lini? Ndipo anapiga goti, pembeni ya mbwa, hamwinamii usoni. Anapaka kipimajoto mafuta ya mgando, anakiingiza nyuma taratibu, anasubiri. Mbwa mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 na kitu, zaidi ya zetu, kwa hiyo anayepapasa pua kwa mkono na kusema "ana homa huyu" anabahatisha. Anainua mdomo wa juu, anakandamiza fizi kwa dole gumba mpaka pawe peupe, anaachia. Kwa mbwa mzima damu hurudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. Anavuta chini kope. Anapapasa tezi chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Anaminya tumbo kwa vidole vilivyolala. Anasikiliza moyo na mapafu. Kisha mizani, na kama mizani ni ile ndogo ya bafuni unapanda umembeba mbwa, unapanda tena peke yako, mnatoa.

Akishuku homa ya kupe, anatoboa ncha ya sikio, anachukua tone moja la damu, analipaka kwenye kioo na kwenda nalo kwenye hadubini. Siku moja aliniita nitazame. Ndani ya chembe ya damu kulikuwa na vitu viwili vidogo vya zambarau vimebanana ncha kwa ncha, kama peasi mbili. Babesia. Mbwa yule alichomwa dawa aliyopigiwa hesabu kwa kilo kumi na nane na nusu, na wiki iliyofuata alikuwa anafukua bustani. Kumbe si kila homa ya kupe ni babesia. Kuna erlikia pia, na hiyo hutibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Kwa macho tu magonjwa haya mawili hufanana sana, na mbwa mmoja anaweza kuwa nayo yote.

Si kila daktari ana hadubini, na hilo halimharibii sifa. Uliza tu sampuli huzipeleka wapi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina maabara kuu Temeke na vituo kwenye mikoa kadhaa, Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora na Mtwara ikiwamo. Daktari anayejibu "sijui bado, tupime" anastahili imani yako kuliko anayetaja ugonjwa kabla hajaushika mwili.

Hatua ya tano: muulize maswali magumu mkiwa mmetulia

Chagua siku ya chanjo, mbwa akiwa hana tatizo, umuulize mambo yafuatayo na usikilize anavyojibu.

Muulize kuhusu kung'atwa. Mbwa wangu akimng'ata mtoto wa jirani nifanye nini? Jibu sahihi huanza na mtoto: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, siku hiyohiyo, kwa chanjo ya binadamu. Mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akisema mbwa auawe mara moja na habari iishe, amekunyima njia ya kujua kama alikuwa na kichaa. Mbwa akifa ndani ya siku hizo, kichwa ndicho kinachohitajika maabara, kwa hiyo kisipondwe, na usikiguse mwenyewe. Muulize pia kama yeye mwenyewe amechanjwa kichaa. Daktari anayeshika midomo ya mbwa kila siku bila chanjo yake mwenyewe ananitia wasiwasi kwa mengine pia.

Muulize kuhusu kuhasi dume au kumfunga uzazi jike. Je, atatumia nusukaputi? Nani atamwangalia mbwa anavyopumua wakati yeye anakata? Dawa ya maumivu atampa kwa siku ngapi? Mbwa alale njaa tangu saa ngapi? Vifaa vinachemshwa au vinatakaswa vipi? Nimewahi kushuhudia dume likihasiwa bila ganzi, limeshikiliwa na vijana wanne juu ya gunia. Kelele zile nazisikia mpaka leo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na hata isingekuwepo, mtu asikufanyie hivyo nyumbani kwako.

Muulize kuhusu uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, ule ambao mbwa wanaozurura huambukizana kwa kupandana. Wengi husema mbwa wa namna hiyo hana lake tena. Daktari anayejua mbwa atakuambia unatibika, mara nyingi kwa sindano za wiki kwa wiki, na wengi hupona kabisa.

Na muulize ni kitu gani hakiwezi. Huyu wa kwetu alinijibu bila kusita: mifupa iliyovunjika vibaya. Akanitajia kliniki yenye eksirei, akataja na hospitali ya wanyama ya SUA Morogoro kama jambo ni kubwa zaidi. Daktari anayesema anaweza yote atakushikilia mpaka mbwa afe mikononi mwake.

Hatua ya sita: bei, risiti na kadi

Omba bei kabla, imegawanywa: kuja nyumbani, kumwona mgonjwa, kipimo, dawa. Wengi hulipisha sindano tu na kumwona mgonjwa ni bure, ndiyo maana wanachoma hata pasipohitajika. Mimi namlipa daktari kwa kumwangalia mbwa hata asipotoa dawa yoyote, na namwambia hivyo tangu mwanzo. Kama mwezi huo mfuko ni mwembamba, mweleze. Mzuri atakuambia kipi kifanyike leo na kipi kinaweza kusubiri mshahara.

Kadi ya chanjo ibandikwe ile karatasi ndogo inayobanduliwa kwenye chupa, yenye namba ya toleo, pamoja na tarehe, sahihi na muhuri. Kadi yenye neno "chanjo" na tiki peke yake haina thamani mbele ya hospitali mtoto anapong'atwa, wala mpakani ukitaka kusafiri na mbwa. Dawa zote zilizotumika ziandikwe majina. Mtu akimwaga dawa kwenye kikaratasi bila jina, mrudishie aandike.

Hatua ya saba: upande wako

Daktari hawezi kumpima mbwa asiyeshikika. Mbwa wengi wa ulinzi hawajawahi kufungwa kamba maishani, na siku ya ugonjwa ndiyo siku ya kwanza mtu anajaribu kuwavisha mnyororo. Anza leo. Mguse masikio, mfungue mdomo, mshike kucha, mpe kipande cha nyama kila anapokubali. Mzoeshe kufungwa mdomo kwa kitambaa laini kwa dakika moja, kwa amani. Mtu mmoja wa nyumbani, si wanne, awe ndiye mshikaji wake.

Kabla daktari hajafika, usimpe kitu. Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge ambavyo kila nyumba inavyo kwenye droo, huchubua tumbo la mbwa mpaka linatoka damu na kuua figo zake. Panado nayo si ya kumpa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake bila daktari kukuambia ipi na ichanganywe na maji kiasi gani. Zipo ambazo zitamfanya atoe udenda na kutetemeka mpaka afe. Kama umeshampa kitu, sema. Daktari hatakugombeza, na hata akikugombeza, sema.

Ukiona baada ya mara mbili au tatu kwamba daktari uliyemchagua hapimi, hapokei simu, au mbwa ana hofu ya ajabu akisikia sauti yake, badilisha. Mwombe taarifa za mbwa wako, mshukuru, uende. Wako waliokaa na daktari mbaya miaka kwa sababu ni mtu wa kwao, au wanasali pamoja.

Ukishampata, mpe mtu mwingine nyumbani namba yake, kwa sababu mbwa huugua ukiwa Dodoma. Ya kwetu imeandikwa kwa rangi ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo, karibu na ndoano ya kamba, chini yake imeandikwa ya dereva wa bajaji. Mlinzi ana ruhusa ya kupiga saa yoyote bila kuniuliza kwanza.